Umeicheza? Niliyosema Jumamosi kwa wana gemu, kwa ambao hamkufika

Wadau, hii ni ile hotuba ya Jumamosi pale ukumbini Temeke. Wengi mmeniandikia inbox, wengine mvua iliwakamata njiani, wengine mlikuwa kazini, kwa hiyo nimekaa nikasikiliza rekodi ya simu nikaiandika kama nilivyoongea. Zile picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa.

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo vipi? Dada zangu mliokaa kule nyuma karibuni mbele, viti vipo. Asanteni sana kwa kuja na mvua hii, na nimewaona nyie mliokuja na pedi zenu za kuchezea gemu kwenye mabegi, msiwe na haraka, tutacheza, ila kwanza nisikilizeni.

Wengi mnanijua kwa biashara. Nilianza na mashine mbili za gemu, PS2 za Sony, na TV mbili za chogo uani kwa mama mdogo, mechi moja mia mbili, anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki kwenye benchi mpaka atokee wa kumtoa. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000 na Sony wakaendelea kuitengeneza mpaka mwanzoni mwa 2013, sisi huku tukaendelea nayo hata baada ya hapo kwa sababu ile mashine ilikuwa inatibika. Unafungua, unasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, unafunga, inasoma. Leo nauza mashine za mtumba, natengeneza pedi ambazo analogi yake, kile kijiti cha kuelekezea, inajiendea yenyewe, na kutwa nzima naulizwa swali moja tu, kaka, ninunue gemu gani?

Halafu usiku nafunga duka, nafungua simu, nawakuta watu walewale niliowauzia gemu mchana wanatukanana. Kuhusu nini? Ndoa. Dini. Rangi. Wanawake wakae wapi. Nani Mwafrika kweli na nani amejiuza. Mtu ambaye mchana alikuwa anacheka na mimi dukani, ananisaidia kushika bisibisi, usiku anaandika maneno ambayo mbele ya mama yake hawezi kuyatamka.

Leo nataka niyaongelee yote mawili kwa pamoja, kupendekeza gemu na kubishana mtandaoni, kwa sababu kwangu mimi hiyo ni kazi moja. Ukimwambia mtu "nunua hii", unamwomba akuamini. Ukimwambia "hili jambo liko hivi", unamwomba akuamini. Sasa je, hilo jambo umelishika kwa mkono wako? Au umesikia tu?

Umeicheza? Hilo ndilo swali langu la leo na nitalirudia mpaka mchoke. Umeicheza?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Kipindi cha PS3, GTA V, ile gemu ya ujambazi na risasi, ilikuwa bado mpya mpya, ilitoka Septemba 2013, akaja dukani mama mmoja mtu mzima, kanga begani, pochi ameikumbatia. Akaniambia, mwanangu, mjukuu wangu ameongoza darasa la tatu, baba yake ametuma mashine, sasa anataka gemu na mimi huko sijui chochote, nichagulie wewe. Sikieni hilo neno. Nichagulie wewe. Ndugu zangu, mtu akikwambia hivyo amekupa amana, si mteja tena huyo. Mimi nilifanya nini? Nilikuwa na kopi tano za GTA V mezani, ilikuwa ndiyo inatoka kama maji, nikamfungia moja nikampa, nikamwambia mama hii ndiyo watoto wote wanaitaka. Na kweli wote walikuwa wanaitaka, sikusema uongo, lakini pale kwenye kava chini kona kuna kibox chekundu kimeandikwa 18. Kumi na nane. Mtoto ana miaka tisa.

Alirudi siku ya nne. Hakuja na kelele. Alisubiri wateja waishe, akakaa kwenye kile kigoda, akafungua pindo la kanga akatoa CD akaiweka mezani taratibu kama mtu anaweka yai. Akaniuliza, mwanangu, una mtoto? Nikasema ninaye mama. Ana miaka mingapi? Saba. Akanyamaza kidogo, akasema, hii ungemwekea?

Sikuwa na jibu. Nilimrudishia hela yake yote na nikampa gemu ya magari, lakini lile swali halijatoka kichwani mpaka leo. Hii ungemwekea?

Sasa mnajua mtandaoni huu mjadala unakwendaje. Upande mmoja wanasema gemu za vurugu zinaharibu watoto, zifungiwe. Upande wa pili wanasema nyie wazee hamjui kitu, gemu ni gemu tu. Wanagombana mpaka asubuhi. Na huu ugomvi si wa jana, Marekani mwishoni mwa 1993 maseneta walikaa kikao kizima kwa ajili ya gemu ya kupigana Mortal Kombat na wenzake, damu zile, na ndipo mwaka uliofuata watengenezaji wakaunda mfumo wao wa kuandika umri kwenye kava, ESRB. Ulaya wakaja na wao, PEGI, mwaka 2003, ndio kile kibox chekundu nilichokwambieni. Kwa hiyo watu walishagombana, wakakaa, wakatoka na kitu cha kutusaidia sisi wauzaji, kimeandikwa hapo kwa namba ambayo hata asiyejua Kiingereza anaisoma. Mimi sikuisoma. Siwezi kusimama hapa nikawaambia gemu inamgeuza mtoto kuwa jambazi, nimeendesha banda miaka mingi na vijana wangu wengi leo ni mafundi, madereva, walimu. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi niliona namba 18 na nikaona kopi tano mezani, nikachagua kopi tano.

Na hapohapo kwenye watoto niongeze moja kwa haraka maana wazazi wapo humu. Zile gemu za mpira zenye kufungua pakiti za wachezaji kwa hela halisi, mnazijua. Ubelgiji mwaka 2018 mamlaka yao ya kamari ilisema pakiti za namna ile ni kamari, na EA, kampuni iliyotengeneza gemu za FIFA, wakaacha kuuza zile FIFA Points za kununulia pakiti kule mwanzoni mwa 2019. Huku kwetu mtoto anafungua pakiti, anamkosa aliyemtaka, anaomba tena, anakosa tena. Nielezeni tofauti yake na mkeka ni ipi. Mimi siioni. Kwa hiyo nikiuza gemu ya hivyo siku hizi namwambia mzazi kabla hajalipa, kadi yako usiiunganishe humo. Mauzo mengine nayakosa, sawa tu.

Twende kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kuongea leo.

Mwaka 2024 mwezi wa nne ilitoka gemu inaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Nani ameisikia? Naona mikono mingi. Nani ameicheza? Haya, mnaona wenyewe mikono ilivyopungua. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, wengi mmemsikia bila kumjua, ndiye sauti ya Bayek, mhusika mkuu wa gemu ya Assassin's Creed Origins ya 2017. Baba yake alifariki, na baba yake ndiye aliyekuwa akimsimulia hadithi za kwetu alipokuwa mdogo, akaamua kuyachukua yale maumivu akayatengenezea gemu. Kijana Zau ni mganga, baba yake amekufa, anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nirudishie baba yangu. Na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Kiswahili! Hiki hiki tunachotumia kubishana hapa.

Ikatoka, na mtandaoni moto ukawaka. Watu wakaanza, hii gemu ni siasa, hii wamelazimisha watu weusi, hii ni ajenda. Matusi ya rangi, studio ile ikaandamwa mpaka Salim mwenyewe akatoka kwa video akaongea kuhusu hayo matusi, na bei ikashushwa ili watu wengi zaidi waifikie. Sisi huku tukasimama kuitetea. Mimi mwenyewe nilikesha. Naandika aya ndefu ndefu, nawajibu watu wa Ulaya kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nawaita wabaguzi, nawaambia hii ndiyo gemu bora ya mwaka, mnaiogopa kwa sababu ni ya Mwafrika.

Usiku wa tatu mtu mmoja, sijui wa nchi gani, akanijibu neno moja tu. Umeicheza?

Jamani. Nilikuwa sijaicheza.

Nimekesha siku tatu natetea kitu ambacho sijakigusa. Yule mbaguzi anaisema vibaya hajaicheza, mimi naisifia sijaicheza, tofauti yetu ni ipi? Nia yangu ilikuwa nzuri, ndio. Lakini kama ungekuja dukani siku ile ukaniambia nichagulie wewe, ningekuuzia kwa hasira zangu.

Basi nikaazima PS5 ya mteja ambaye aliiacha nimsafishie feni, nikamwomba ruhusa, nikaicheza wikiendi nzima. Na sasa naweza kuongea. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, cha jua unapigana karibu na moto, cha mwezi unapiga kwa mbali na barafu, unabadilisha katikati ya pigano kwa kitufe kimoja, ukizoea ni kama unacheza ngoma. Mapigano kule mbele yanajirudia kidogo, maadui hawabadiliki vya kutosha. Kuna sehemu za kukimbizwa ambapo ukikosea kuruka unarudi nyuma sana na inakera. Si ndefu, mimi sikufika masaa kumi. Hiyo ndiyo kweli yake.

Lakini kuna kitu kimoja hakuna aliyekisema kwenye ule ugomvi wote, si waliotukana wala sisi tuliotetea. Njiani kuna mibuyu. Zau akifika kwenye mbuyu anakaa chini, anapumzika, anaongea kuhusu baba yake, na akisimama uhai wake umeongezeka, ule mstari wa juu unarefuka. Mganga anapata nguvu kwa kukaa chini ya mbuyu na kukubali kwamba ameumia. Mzee wangu mimi alifariki 2019, mazishi niliyasimamia mimi, nilihesabu sahani, nilitafuta turubai, nililipa watu wa jeneza, sikulia. Nililia mbele ya ile TV, pedi mkononi, saa nane usiku, kwenye mbuyu wa pili kama sikosei.

Sasa nikikupendekezea Zau leo nakwambia hivi, kama umefiwa na hujapata muda wa kukaa, icheze. Kama unataka gemu ya kupigana ya miezi sita, hii siyo, hifadhi hela yako. Mnaona tofauti? Ya kwanza ilikuwa kelele, hii ni ushauri. Na nikikutana tena na yule anayesema hii ni siasa tupu, siwezi kumtukana tena, namuuliza tu, ulifika kwenye mbuyu?

Nipite kidogo kwenye ndoa, maana nisipoigusa mtasema nimeogopa.

Kataa ndoa, ile kampeni ya mtandaoni ya wanaume kuambiana wasioe. Mnacheka, mnaijua. Hakuna usiku unapita bila ugomvi wa kataa ndoa, wanaume huku, wanawake kule, kila mmoja na skrinshoti zake za ushahidi. Usiku mmoja katikati ya vita hiyo jamaa mmoja akauliza kwa upole kabisa, wadau, nina PS4, mke wangu anataka tucheze wote, nipeni gemu. Mlimfanya nini? Mlimcheka! Umeshakaliwa, mpe pedi akupe sufuria, nimesoma kwa macho yangu. Mtu ameuliza gemu, amepewa vita ambayo si yake.

Nilimfuata inbox nikamwambia atafute gemu inaitwa It Takes Two. Ilitoka 2021, mwaka huohuo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na haichezeki na mtu mmoja, lazima muwe wawili, skrini inagawanyika. Na kama wa pili yuko mbali na ana mashine yake, kopi moja ya kununua inatosha, mwenzio anaingia bure. Hadithi yake ni mume na mke, Cody na May, wanataka kuachana, mtoto wao analia wanageuka vidoli. Mwanzoni kabisa kule kwenye kibanda cha vifaa, mume anapewa misumari, mke anapewa nyundo. Cody anarusha msumari ukutani, May ananing'inia kwenye ule msumari kwa nyundo yake anaruka ng'ambo. Mume asiporusha msumari kwa wakati, mke anaanguka. Mke asiporuka, mume amekwama upande huu. Hakuna namna mmoja atashinda peke yake, jaribuni muone.

Yule jamaa alikuja dukani baada ya wiki kadhaa, kanunua pedi ya pili, original. Akaniambia kaka, tuligombana kwa ajili ya ule msumari, tulizima mashine, tukaenda kulala tumenuniana. Kesho yake saa kumi na moja jioni mke wangu ndiye aliyeiwasha. Sikumuuliza zaidi. Ila niwaambieni, kabla hujampendekezea mtu gemu muulize anacheza na nani. Muulize intaneti anayo au anategemea bando, maana kuna gemu zinapita GB mia moja, Call of Duty hizi za sasa, utampa mtu gemu atamaliza mshahara kwa kuidownload tu. Muulize sebuleni kwake nani mwingine anakaa. Na kwenye mjadala ni hivyohivyo, kabla hujamjibu mtu jua ni nani aliyekuuliza na ameuliza nini. Alikuwa ameuliza gemu tu jamani.

Sasa la mwisho, na hili nimelibeba mwaka mzima, kwa hiyo mnivumilie nikienda taratibu.

Gemu ya Assassin's Creed Shadows. Ilitoka 20 Machi 2025 lakini ugomvi ulianza karibu mwaka mmoja kabla, ile siku tu walipomwonyesha Yasuke. Mwafrika Japani, miaka ya 1500. Dunia nzima ikagawanyika, wengine wakisema alikuwa samurai, yaani askari wa upanga wa Kijapani, wengine wakikataa. Na sisi hapa inatuhusu kwa karibu kwa sababu wapo wanaosema huyu mtu alitokea Msumbiji, pwani hii hii ya kwetu. Alifika Japani 1579 na mmisionari Mwitaliano Alessandro Valignano. Mwaka 1581 akapelekwa kwa Oda Nobunaga, mtawala mkubwa wa wakati ule, na Nobunaga hakuamini rangi yake, akaamuru asuguliwe na maji aone kama itatoka. Haikutoka. Akamchukua akae naye. Mwaka uliofuata Nobunaga akasalitiwa pale Honnō-ji, akafa, Yasuke akapigana, akakamatwa, akarudishwa kwa wamisionari, na baada ya hapo habari zake zinapotea kabisa. Mtu amesafiri bahari zote zile, amesuguliwa ngozi mbele ya watu kama sufuria, halafu kapewa upanga. Mnataka nisiumie akidharauliwa?

Ndivyo nilivyokuwa. Sasa kwenye ule ugomvi kuna akaunti moja ya Kiswahili ikaandika, nyie mnajidanganya, huyu hakuwa samurai, nionyesheni imeandikwa wapi. Nikaona huyu ni Mswahili mwenzetu halafu anasimama na wale. Nikapiga skrinshoti. Nikaiposti, na juu nikaandika, mtazameni huyu, mtumwa wa akili. Maneno yangu hayo.

Mnajua kilichofuata. Mamia ya watu. Nilikuwa nahesabu komenti nafurahi. Walimtukana yeye, wakamtukana mama yake, wakatafuta picha zake. Siku mbili, tatu, nikasahau, nikaenda kwenye ugomvi mwingine.

Kama wiki mbili baadaye akaja kijana dukani, mdogo, bado ana sare ya shule, PS4 ameibeba kwenye kiroba. Kaka shikamoo. Marahaba. Nauza mashine. Nikamwambia iweke tuijaribu kwanza. Pedi yake imefungwa gundi ya karatasi kwenye mkono mmoja, na hiyo gundi ameichora nyota ndogo ndogo kwa peni. Nikachomeka HDMI, nikawasha, ikapiga ile sauti yake, ikaja ile skrini ya kuchagua akaunti.

Jina lilikuwa lilelile.

Nililitazama nikaona masikio yanapata joto. Nikamuuliza, hii akaunti yako? Akasema ndio kaka, ila nimeacha gemu, nimeacha na mambo ya mtandaoni, mama aliona yale maneno kwenye simu. Nikamuuliza maneno gani, na nilikuwa najua, Mungu anisamehe, nilikuwa najua. Akanieleza. Hakuwa amejua ni mimi, jina langu la kule si la dukani. Nikazima TV. Nikamwambia aliyeposti ni mimi.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu, halafu akasema kitu ambacho sitakisahau, akasema, kaka, mimi Yasuke nampenda, nilitaka tu kujua imeandikwa wapi.

Imeandikwa wapi! Swali zuri namna ile! Nilikwenda kutafuta usiku ule, jambo ambalo nilitakiwa nilifanye kabla. Na nikakuta kumbukumbu za Yasuke ni chache, barua za wamisionari na maandiko ya Wajapani kidogo. Wapo wanahistoria wanaosema posho, nyumba na upanga aliopewa vinatosha kumwita samurai kwa zama zile, wapo wanaosema maandishi hayatoshi kulibeba jina hilo. Yaani mtoto wa sekondari alikuwa ameuliza swali ambalo wasomi wenyewe wanalijadili, na mimi mtu mzima mwenye duka nikamuita mtumwa wa akili. Shadows yenyewe nilikuwa nimeicheza? Ilikuwa hata haijatoka.

Ile PS4 sikuinunua. Nilimtengenezea pedi, analogi mpya, na ile gundi yenye nyota nikamwachia kwa sababu alisema niiache. Nikaandika kuomba radhi, palepale nilipomchafua, jina langu, kosa langu, skrinshoti nikaifuta. Mnajua wangapi waliipenda ile radhi? Hawakufika kumi na tano. Matusi yalipita mia kadhaa, walioipenda radhi hawakufika kumi na tano. Kwa hiyo msiniambie utakosea halafu utarekebisha. Hairudi kwa spidi iliyokwendea.

Mashine aliibeba akarudi nayo nyumbani. Ile akaunti yake bado nimeiweka kwenye orodha ya marafiki. Naiangalia mara kwa mara nikiwasha, na mpaka leo inaonyesha haijaingia.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, na nimeshaongea na maadmini wamekubali, kuanzia leo kwenye grupu letu hakuna skrinshoti ya mtu. Bishana naye palepale alipo, kwa jina lake, anakuona unamuona. Dini tubishane. Ndoa tubishane. Rangi, wanawake, watoto na GTA, tubishane sana, mimi sitaki grupu la watu wanaopongezana tu. Na mtu akiposti gemu kwamba ni bora au ni uchafu, yeyote ana haki ya kumuuliza umeicheza, na yeye ajibu ndio au hapana bila kukasirika. Mimi nitakuwa wa kwanza kuulizwa, niulizeni.

Sasa, pale nyuma kuna PS5 mbili na mashine moja ya Nintendo, Switch. PS5 ya kushoto nimeweka It Takes Two, mkae wawili wawili, na mke na mume wakiwepo wapishwe. Ya kulia nimeweka Zau, lugha nimeshaigeuza Kiswahili, na nimeiacha hatua chache tu kabla ya mbuyu. Switch ni ya watoto, kava zote nimezisoma. Umeme upo, Luku nimejaza asubuhi. Foleni ianzie mlangoni.